Mgeni Aliyekuja na Nyota

Tbilisi, 11 Februari 1997

Mheshimiwa Bibi Daro Shonia,

Hunijui, nami sikujui ila kwa jina. Naitwa Nugzar Metreveli, daktari wa meno, ingawa siku hizi umeme ukiwa wa kubahatisha nang'oa zaidi kuliko ninavyoziba. Kazi ya moyo wangu ni nyingine. Nakusanya nishani za vita vile vikubwa. Sifanyi kama wale wa soko la darajani, wanaonunua asubuhi na kumuuzia mtalii mchana. Mimi nikishapata nishani humtafuta mwenyewe. Nyuma yake pana nambari, nambari ina mtu wake, na mtu ana kijiji chake na mama yake na vituko vyake. Nishani isiyo na mtu ni bati tu.

Kabla ya Mwaka Mpya nilinunua pale darajani Nyota Nyekundu kutoka kwa mwanamume aitwaye Jumber. Alisema wewe ni shangazi yake, na kwamba nyota ni ya marehemu mume wako Ermile, aliyeanguka vitani mwaka 1944. Ni nzuri sana, ila ncha moja imebanduka rangi.

Naomba hisani yako. Je, unayo picha yake? Alikuwa kikosi gani, na alizikwa wapi? Picha nitairudisha salama. Nimemwandikia pia rafiki yangu mmoja huko Urusi anayejua kuzifuata nambari hizi mpaka kwa wenyewe, lakini neno la mke halina mfano.

Wako kwa heshima,
Nugzar Metreveli


Leshamge, 24 Februari

Nugzar mwanangu,

Barua yako nimeisoma mwenyewe, sijapofuka bado. Nilipomaliza nilikwenda moja kwa moja kwenye sanduku, nikaondoa mashuka, nikaondoa nguo zangu za kuzikwa, nikakuta kitambaa kitupu.

Jumber alikuja Desemba kunisaidia kuchinja nguruwe. Nilimpa mguu mzima. Nimemwita jana, akasimama mlangoni kama mdai.

"Shangazi, ilikuwa imelala tu humo ndani."

"Hata mimi nimelala tu humu ndani. Mimi utaniuza lini?"

Sasa nisikilize, maana nyinyi wa mjini mmesahau mengi. Huku kwetu Samegrelo mtu akifia mbali, roho yake haijui njia ya nyumbani. Ni lazima ikaletwe. Ndugu huenda mpaka mahali alipofia, na chonguri, lile zeze letu la nyuzi nne, na jogoo. Wanapiga zeze, wanamwita kwa jina, na jogoo akiwika wanajua amekubali. Kisha wanarudi wakipiga njia nzima, wala hawageuki nyuma.

Ermile alifia huko juu kaskazini na njia zilikuwa zimefungwa kwa vita. Mwenzake wa kijiji cha jirani, aliyerudi bila mkono, alituletea koti lake la kijeshi, na nyota ikiwa imebandikwa kifuani. Tulilitandika kitandani, tukalililia siku tatu. Kisha Jumatatu ya Pasaka, mimi na mama mkwe na wifi zangu tukaenda stesheni alikopandia treni, tukamwita pale. Jogoo aliwika. Tukamleta. Koti tulilizika, nyota nikabaki nayo.

Tangu siku hiyo amekuwa nami ndani ya nyumba hii. Sikuoa— usicheke, nasema kama wanaume— sikuolewa tena. Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Kila jioni naongea naye, namsema, namwandalia sahani.

Tangu Desemba nyumba imekuwa kimya, nikadhani nimemuudhi. Kumbe mmemchukua.

Ninalotaka duniani limebaki moja. Siku watakaponitoa humu kwenda makaburini, Ermile awe ndani ili tutoke pamoja. Mrudishe, mwanangu, ubaya wako wote unipate mimi, kama tunavyowaambia tunaowapenda. Usipomrudisha nakuja mwenyewe na kisu cha nguruwe.

Daro


Tbilisi, 10 Machi

Bibi Daro mpendwa,

Kisu kiache nyumbani, nyota utaipata. Naomba subira kidogo tu, mpaka rafiki yangu ajibu habari za nambari. Nataka irudi kwako ikiwa na heshima zake zote, na karatasi inayoeleza Ermile alifanya nini hata akapewa.

Kuhusu hayo mengine sina la kusema. Mimi ni mtu wa hospitali. Hapa nyumbani kila kitu ni shwari.

Nina maswali machache, ya kawaida kabisa. Je, Ermile alipenda chai? Namaanisha chai nyingi, ya moto sana. Je, alikuwa mtu mrefu? Na alikuwa na tabia ya kukaa akitazama upande fulani, tuseme kaskazini? Mke wangu Lamara ndiye anayetaka kujua. Anafagia sana siku hizi na analalamika kuhusu sakafu.

Wako,
Nugzar


Leshamge, 19 Machi

Nugzar,

Ermile alikuwa mfupi, kichwa chake kilinifika hapa kwenye sikio, na alichukia chai. Tulilima chai ya serikali mchana kutwa, nani angeitaka tena mezani. Alikuwa mtu wa divai.

Lakini aliyerudi alikuwa wa chai. Hilo nililiona mwanzoni. Divai niliyommiminia ilikaa mpaka ikawa siki. Chai nikimtilia, nikigeuka ni baridi kama maji ya kisima. Mama mkwe alisema vita hubadilisha watu. Mbwa wetu, aliyelelewa na Ermile tangu hajafumbua macho, alitoka nyumbani siku ile ile na hakuingia tena mpaka alipokufa. Pasaka tunaviringisha mayai mekundu juu ya kaburi, na yake hayaviringiki kwenda kichwani kama ya watu wote. Yanakwenda pembeni, upande wa kaskazini, mpaka kwenye ua.

Mambo haya niliyaona, nikayanyamazia. Mtu ukimngoja sana, hukagui aliyefika.

Sakafu ya mkeo ina majimaji, si ndiyo? Alama za buti. Mwambie asifute kwa hasira. Aseme tu, "Kaa, umechoka." Atatulia.

Usinidanganye tena kwamba ni shwari.

Daro


Zaozerye, 6 Aprili 1997

Mheshimiwa Nugzar Shalvovich,

Barua yako imenifikia. Umeandika kwamba Nyota Nyekundu uliyo nayo, kwa mujibu wa nambari, alipewa Prokhor Lukoshkin wa kijiji hiki, na ukaomba picha ya marehemu na tarehe ya kifo.

Mimi ni bintiye, Zinaida, nilikuwa mpishi wa shule, sasa nimestaafu. Tarehe ya kifo sina. Baba yangu yu hai, kama hali hii inaitwa kuwa hai.

Nyota anayo hapa, yenye nambari hiyo hiyo, ila imegongwa alama ya kuwa ni nakala. Ya kwanza aliripoti kuwa imepotea vitani, wakampa nyingine. Kwa hiyo usidhani umeuziwa bandia. Yako ndiyo ya asili.

Sasa nitakuambia jambo kwa sababu uko mbali na hutanicheka sokoni. Ana miaka themanini na mbili. Mwaka wa tatu huu amelala, hali ila kijiko cha uji, na hafi. Daktari anasema moyo wake ni wa farasi. Majirani walinishauri ning'oe ubao wa dari, kama tufanyavyo huku mtu akikwama katikati, roho ipate pa kutokea. Niling'oa. Theluji ikaingia ndani, basi.

Nilizaliwa baada ya vita, na sijawahi kuonana na baba yangu. Nimekaa naye tu. Marehemu mama alisema aliolewa na mchumba wake wa zamani na akapewa koti tu, bila mtu ndani yake. Wenzake wa kikosi walisimulia kwamba alikuwa mcheshi, mpiga kinanda, mpaka masika ya mwaka arobaini na nne. Jumatatu baada ya Pasaka alikuwa kwenye foleni ya uji, akageuza kichwa kama mtu aliyeitwa, akaanguka. Alipoinuka akawa hivi. Anafanya kazi, anajibu, hacheki, halii, haoti ndoto.

Kuna siku alikuwa anakataa chakula akisema ameshiba, na mdomo wake ukinuka pilipili na kokwa za jozi, vitu ambavyo hapa kwetu havipo. Na jioni, kila jioni ya maisha yangu, alikuwa anainamisha kichwa kama mtoto anayekaripiwa. Nikimuuliza, "Baba, nani anakusema?" anajibu, "Mwenye nyumba."

Tangu Desemba hainamishi tena kichwa. Anageuza macho huku na huku kama aliyepotea stesheni. Hilo linanitisha kuliko yote.

Hiyo nyota uliipata kwa nani?

Zinaida Prokhorovna Lukoshkina


Tbilisi, 30 Aprili

Bibi Daro mpendwa,

Kristo amefufuka. Natumai Pasaka ilikuwa njema huko.

Majibu yamekuja, nami sijui nikuandikieje. Nyota si ya Ermile. Ni ya Mrusi mmoja wa kaskazini, jina lake Prokhor. Jinsi ilivyofika kwenye koti mlilopelekewa, sijui.

Nimekuwa nikifanya kazi hii miaka ishirini, na kila mara nimefurahi kupata jina. Hili nimelipata nikakaa jikoni mchana mzima bila kuvua kofia. Lamara aliniuliza kama nimefiwa.

Uliniambia nisikudanganye. Yupo hapa. Anakaa kwenye kiti cha dirisha la kaskazini. Hatumwoni, lakini paka wetu huzunguka kile kiti kwa mbali, na koti likiachwa pale linakuwa zito kwa unyevu. Lamara anamwambia, "Kaa, umechoka," kama ulivyosema. Anatulia kweli.

Niambie nifanye nini.

Nugzar


Leshamge, 7 Mei

Nugzar mwanangu,

Nimekaa na barua yako siku kadhaa, sikwenda hata kukamua.

Kwa hiyo tulikwenda stesheni, tukapiga zeze, tukaita "Ermile, Ermile," akaja mtu wa watu. Mama mkwe alikufa akimshika mkono mgeni. Mimi nimemlaza mgeni upande wa ukutani miaka yote hii. Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wangu nimemlisha tangu ujana mpaka meno yameniisha, na jembe hajaligusa.

Na Ermile yuko wapi? Amesimama wapi kwenye baridi ile, anasikiliza, hakuna anayemwita? Hilo ndilo linalonikata maini.

Lakini nitasema ukweli wangu, uucheke ukitaka. Huyu mrudishe kwangu. Marehemu hana haraka. Amengoja miaka hamsini, atangoja miwili mitatu zaidi. Nikifa mimi, mpeleke kwao kwa heshima, nitamwachia Jumber maagizo, safari hii akiiba namlaani. Nyumba imekuwa kubwa mno. Jana jioni nilianza kumsimulia kwamba ndama amevunja ua, nikakumbuka hakuna mtu, nikanyamaza katikati ya neno. Sijawahi kuwa mjane, Nugzar, mpaka mwaka huu.

Nirudishie hata huyo asiye wangu.

Daro


Tbilisi, 13 Mei

Bibi Daro,

Nilikuficha jambo moja. Nilidhani nakuhurumia. Nilikuwa najihurumia mimi.

Prokhor si marehemu. Yu hai, ni mzee wa miaka themanini na mbili, na binti yake amenitumia barua ambayo naiambatanisha hapa kwa lugha yetu. Isome ukiwa umekaa.

Linganisha Jumatatu yake ya Pasaka na yako. Mimi nimezilinganisha mara tatu. Mlimwita mtu aliyekuwa mzima, kwenye foleni ya uji. Akaja. Kilichobaki kule kimeoa, kimelea mtoto, kimezeeka, na sasa hakiwezi kufa kwa sababu mwenyewe hayupo.

Nyota nitaileta kwako ukisema niilete. Ni haki yako kuniambia hivyo, na sitakulaumu.

Nugzar


Leshamge, 2 Juni

Nugzar,

Ulingoja jibu, najua. Nilikuwa nimekasirika na sikujua nimkasirikie nani. Nilimkasirikia yeye kwanza. Kwa nini alikuja? Si jina lake. Kisha nikajikasirikia mimi. Wifi zangu ndio walipiga zeze, lakini sauti ya kuita ilikuwa yangu.

Huyo binti anasema hajawahi kuonana na baba yake. Nimesoma mstari ule nikaenda nje. Mimi nilikuwa nakula naye kila jioni, na mtoto wa watu anakaa na koti.

Njoo na nyota. Nimetoa chonguri darini, nyuzi mbili zimeoza, mwalimu Nanuli atanitafutia nyingine. Jogoo ninaye, ana roho mbaya, anafaa. Treni haziendi tena kaskazini tangu vita vya juzi, reli imeota nyasi, lakini tutamtolea pale pale tulipomwingizia. Mimi nitampigia zeze mpaka relini, kutoka pale utamchukua wewe. Utajifunza wimbo. Ni mfupi, hata daktari wa meno anaweza.

Usimwambie njiani kwamba nalia.

Daro


Zaozerye, 20 Juni

Bibi Daro mpendwa,

Naandika kwenye meza ya Zinaida. Huku jua halitui, kwa hiyo sijui niiite saa gani.

Nilifanya kama ulivyoniagiza pale relini. Sikugeuka, ingawa nilikusikia ukiketi chini. Kwenye basi la milimani nilichukua viti viwili. Dereva akauliza cha pili ni cha nani, nikasema cha jogoo. Akasema, "Basi mbona jogoo umempakata?" Nikamlipa nauli zote mbili. Kiti kilikuwa kimelowa tulipofika Vladikavkaz, upande wa Urusi. Kila tulipobadilisha gari nilisema, "Twende, Prokhor," kwa sauti ya chini, na watu wakanipisha kama wanavyompisha kichaa.

Zinaida alinipokea getini na chai. Ni mwanamke mnene, mkavu wa maneno. Alimtazama jogoo akasema, "Huyo wa supu?" Nikamwambia hapana.

Mzee alikuwa amelala chini ya lile tundu la dari. Macho wazi, hayatui popote. Nikamwekea nyota yako kifuani, ikiwa bado ndani ya kitambaa chako cheusi cha kichwa ulichoifungia, nikaanza wimbo kwa mdomo, vibaya sana. Sikuwa nimefika mwisho. Jogoo aliwika ndani ya nyumba. Nilisikia buti zikipita sakafuni kutoka mlangoni mpaka kitandani, na Zinaida alizisikia, maana alijibana ukutani kupisha. Kisha mzee akavuta pumzi moja ndefu, akageuza shingo, akamtazama bintiye.

"Zina," alisema, "umezeeka."

Yule mwanamke mkavu aliketi sakafuni akalia kwa sauti mpaka majirani wakaja.

Alikaa nasi jioni ya jana na asubuhi ya leo, akiongea. Nimeandika alichokisema kuhusu Ermile, kwa ajili yako. Walikuwa kwenye ghala la nyasi kavu nje ya kijiji cha Zaruchye, mwezi wa Machi. Ermile alikuwa amepigwa tumboni na anatetemeka, na koti lake limelowa damu. Prokhor alivua lake, na nyota yake juu, akamfunika. Akakaa naye mpaka akafa, kabla ya mapambazuko. Kikosi kikaondolewa mbio, koti likabaki juu ya Ermile, na hapo ndipo mwenzenu asiye na mkono alipolikuta. Prokhor alikusudia kumwandikia mke wa marehemu, lakini kabla hajapata karatasi, akaitwa.

Nilimuuliza, "Jina halikuwa lako. Kwa nini ulikwenda?"

Akasema: "Nilijua si langu. Lakini hakuna aliyewahi kuniita kwa uchungu namna ile. Nilisema niende nikamwambie tu kwamba mumewe hakufa peke yake. Nikafika, nikakuta hanisikii, na amefurahi. Sikujua niondokeje."

Kisha akaniuliza neno moja. Akalitamka bila kosa, kwa Kimegreli cha kwenu, na mimi mwenyewe nilipata shida kulielewa. Alisema ulilisema kila jioni kabla ya kulala, na hajawahi kujua maana yake. Nikamtafsiria: ubaya wako wote unipate mimi. Akasema, "Basi ndiyo maana sikuwahi kuugua."

Amefariki leo mchana, usingizini, mkono wake mkononi mwa binti yake. Zinaida amerudisha ubao wa dari.

Zaruchye ipo. Nimeuliza, kuna kaburi la pamoja na miti ya mberoshi, na ghala lilikuwa karibu na hapo. Sasa unajua mahali. Ukitaka kumleta Ermile nitakupeleka mwenyewe, kwa basi, kwa mgongo, vyovyote.

Nyota zote mbili nimemwachia Zinaida. Sina hamu ya kukusanya tena.

Nugzar wako


Leshamge, 8 Julai 1997

Zinaida mwanangu,

Mimi ni Daro. Nasema, na mwalimu Nanuli anaandika kwa Kirusi, kwa sababu changu kinatosha kununulia chumvi tu. Ukiona pamefutwa ni yeye anapunguza ukali.

Nakuomba radhi. Nilimchukua baba yako kabla hujazaliwa na nimekurudishia kwa usiku mmoja na asubuhi. Hakuna malipo ya kitu hicho. Lakini nataka ujue hakuteswa hapa. Alikuwa na upande wake wa kitanda na sahani yake. Nilimsema sana, hilo ni kweli, nilimsema kwa ajili ya paa, kwa ajili ya ng'ombe, kwa ajili ya kunyamaza kwake. Siku mama mkwe alipokufa nilikaa kwenye ngazi na bega langu moja likawa na joto kutwa nzima. Nilidhani ni Ermile. Alikuwa baba yako, na alikuwa mtu mwema. Ulipokuwa unamkosa kule, alikuwa hapa.

Nugzar amerudi. Amenionyesha kwenye ramani ilipo Zaruchye, anataka twende kumchukua Ermile. Kijiji kizima kinasema hivyo hivyo, wifi yangu aliyebaki amekwisha kununua kitambaa. Nitakwenda. Ni haki yake, amesimama kule muda mrefu na kaburi lake hapa lina koti la mtu mwingine. Kama kweli kaburi hutaka mwenyewe, basi alale yeye.

Lakini nitakuambia wewe peke yako, na Nanuli ambaye hana budi kusikia. Naogopa. Tuliishi naye miezi minne. Sauti yake nimeisahau. Kimo nakikumbuka kwa sababu ya sikio. Nitakapomwita atakuja kijana wa miaka ishirini na mitatu, ataingia ndani, atamkuta kikongwe kwenye kitanda chake, na atauliza mke wangu yuko wapi. Nitamjibu nini? Nitampa divai, nitampa ugali na jibini kama alivyopenda, nitamwambia mkeo alikuwa hapa, alikungoja, akapata wa kukungojea naye.

Hapa kwetu mjane huvaa nyeusi mpaka kufa kwake. Nimevaa nyeusi tangu mwaka arobaini na nne. Nilipopata barua ya Nugzar nilikwenda sandukuni nitafute nguo ya msiba, nikakuta zote ni za msiba, nikakosa cha kubadilisha. Nikakaa kitandani na mikono mitupu. Mtu akiniona hawezi kujua kwamba nimefiwa mwezi uliopita.

Ndiyo maana nakuandikia. Wewe ndiwe mtoto wake, na wewe ndiwe mwenye ruhusa. Mama yako aliolewa naye kanisani au ofisini, sijui kwenu mnafanyaje, nami sitaki kumnyang'anya marehemu chochote. Nataka uniruhusu tu nimlilie, kwa jina lake, kwa sauti, mbele ya watu. Hapa mtu haliliwi kimya. Watauliza Prokhor ni nani kwako, nami nitawajibu.

Nugzar anasema tuondoke kwenda Zaruchye mwisho wa Julai, kabla ya mvua za huko. Nimehesabu, na arobaini ya baba yako inaangukia siku hizo hizo. Nimemwambia atangoja. Ermile naye atangoja wiki moja zaidi, anisamehe. Arobaini ya baba yako siendi popote. Nitakuwa nyumbani namlilia mume wangu.

Daro Shonia